Kompyuta Mpakato Hii Inamwitikia Nani?

Mazungumzo yetu leo yanamhusu kila anayetarajia kununua kompyuta mpakato iliyokwishatumika, hasa yule anayenunulia ofisi, shule, zahanati au chama cha akiba na mikopo. Nazungumzia zile ThinkPad, Latitude na EliteBook mnazoziona zimepangwa madukani Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi ambako wengi huziita ex-UK. Ni mashine nzuri na mimi huwashauri watu wazinunue. Kibodi zake hazichakai upesi, betri na kumbukumbu zake nyingi zinabadilishika, na vipuri vinapatikana. Lakini ndani ya nyingi kati yake mna kitu ambacho muuzaji hakitaji, kwa kuwa mara nyingi hata yeye hakijui. Ni uwezo wa kuendeshwa na mtu aliye mbali, hata Windows ikiwa imekufa, na wakati mwingine hata kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa.

Hapa kuna watakaodhani nazungumzia AnyDesk au TeamViewer. Hapana. Hizo ni programu, na makazi yake ni ndani ya Windows. Windows ikigoma kuwaka, nazo zimegoma. Hiki ninachokisema kinakaa chini ya Windows. Intel walikileta sokoni mwaka 2006 kwa jina la vPro, na ile sehemu yake inayoshughulika na usimamizi wa mbali inaitwa AMT. Ndani ya chipu zinazofanya kazi bega kwa bega na prosesa kuna kompyuta nyingine ndogo, Management Engine, yenye programu yake yenyewe. Haihitaji Windows wala haihitaji diski. Umeme ukifika tu kwenye ubao, inafanya kazi. Ifikirie kama mlinzi wa usiku: wenye nyumba wamelala, taa zimezimwa, yeye yuko macho getini, na ufunguo wa geti uko mfukoni mwake.

Tangu mwaka 2015 mlinzi huyu anaendeshwa na MINIX, mfumo ambao Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliutunga kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Habari hiyo ilipojulikana mwaka 2017, profesa aliwaandikia Intel barua ya wazi akisema ingekuwa uungwana kama wangemwarifu. Mtunzi wa mfumo alijua kupitia habari, kama wengine wote. Naona inafaa tulikumbuke hilo tunapojiuliza kwa nini muuzaji wa Kariakoo hana habari.

Sasa, uwezo huu unafaa nini? Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, na Windows zikaanza kuanguka dunia nzima. Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi, kuiwasha kompyuta katika hali salama na kulifuta lile faili, ila ilimtaka mtu aketi mbele ya kila kompyuta. Viwanja vya ndege, hospitali na benki zilisubiri mafundi wapite meza kwa meza. Kwenye mashine zilizokuwa na AMT na zilizokwishaandaliwa, fundi aliweza kuiona skrini ya bluu akiwa ofisini kwake, akaizima na kuiwasha kompyuta, akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayotangulia Windows, na kufanya kazi ile bila kunyanyuka. Uwezo huo wa kuona skrini na kutumia kibodi kwa mbali umo ndani ya AMT tangu mwaka 2010.

Tulete jambo hili kwetu. Chukua chama cha akiba na mikopo chenye ofisi Njombe mjini na matawi Makambako na Ludewa, na fundi mmoja tu. Asubuhi tawi la Ludewa linapiga simu: kompyuta ya keshia haiwaki, wanachama wamepanga foleni. Fundi anapanda basi. Akifika anakuta kuna flashi imesahaulika kwenye mashine, na kompyuta inajaribu kuwakia kwenye hiyo flashi. Siku nzima imekwenda, na nauli, na watu wamerudi nyumbani bila fedha zao. Kwa AMT angeiona skrini ile akiwa Njombe, akasoma maandishi yake, akamwambia keshia achomoe flashi. Ndiyo maana naamini uwezo huu unazifaa ofisi zetu ndogo za mikoani kuliko zinavyofahamu, na kuupuuza wakati tayari umelipiwa na mnunuzi wa kwanza kule Ulaya ni hasara.

Basi utajuaje kama mashine iliyo mbele yako inao?

Wengi huanza na stika. Ile stika ndogo pembeni mwa kibodi ikiwa na neno vPro ni dalili njema, lakini stika hubandikwa na stika hubanduka. Kwenye mashine iliyopita mikono mitatu siwezi kuifanya ushahidi.

Tazama prosesa. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Muuzaji atakwambia hii ni Core i5 ya kizazi cha nane, na atakuwa amesema kweli. Lakini ThinkPad T480 zilitoka kiwandani zikiwa na prosesa tofauti, na mbili kati yake ni Core i5 za kizazi hicho: i5-8250U na i5-8350U. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kasi yake kwa kazi za kawaida inakaribiana. Ya kwanza haina vPro, ya pili inayo. Mfano huo unajirudia miaka yote ya karibu na hiyo: i5-6200U haina, i5-6300U inayo, i5-7200U haina, i5-7300U inayo, i5-10210U haina, i5-10310U inayo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa i5 peke yake. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, bonyeza CPU, na jina kamili litatokea juu ya mchoro. Liandike. Kisha litafute kwenye ukurasa wa bidhaa wa Intel wenyewe, ambako kila prosesa inaelezwa kama inafaa kwa vPro au haifai.

Lakini jibu hilo ni la prosesa tu. Mashine nzima bado. AMT inahitaji pia chipu za ubao za daraja la biashara, programu ya ndani ya Management Engine iwe ile pana ya makampuni na si ile fupi ya nyumbani, na kadi ya mtandao iwe ya Intel na ya aina yake. Kwenye kadi hiyo, tofauti ni herufi. Fungua Device Manager, tanua sehemu ya kadi za mtandao, usome jina la kadi ya waya. I219-LM ni kadi inayoweza kupitisha AMT. I219-V haiwezi. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zake wa zamani, I217 na I218. Ukiiona herufi V mwishoni, hata kama stika inasema vPro, anza kuuliza kama ubao ulibadilishwa.

Ukiwa bado kwenye Device Manager, kuna kosa ninaloliona mara kwa mara hata kwa mafundi. Mtu anashuka kwenye vifaa vya mfumo, anakuta Intel Management Engine Interface, anashangilia kwamba mashine inayo AMT. Kifaa hicho kipo karibu kwenye kila kompyuta ya Intel, hata ile ya bei ya chini ya mwanafunzi. Hakithibitishi kitu. Panda kwenye sehemu ya milango, ile ya COM. Ukikuta pameandikwa Intel Active Management Technology - SOL, hapo umepata dalili nzito, kwa maana mlango huo wa kupitisha maandishi kwa mbali huja na programu ya makampuni. Usipouona, hakikisha kwanza kama madereva yote yamewekwa, kwa sababu Windows iliyowekwa haraka haraka dukani mara nyingi huwa haijakamilika.

Kwa wanaotumia AMD, makampuni nayo yalitengenezewa njia yake: prosesa zenye jina Ryzen PRO hufuata kiwango kiitwacho DASH. Kinafanya sehemu ya kazi hizi, ingawa zana zake ni chache na mimi simshauri mwenye fundi mmoja aanze nacho. Na kwenye mashine za Intel za kuanzia mwaka 2022 angalieni jambo jingine, vPro imegawanywa. Ipo Enterprise, na ipo Essentials. Essentials ina usimamizi wa mbali wa kiasi, wa kuwasha na kuzima na mambo kama hayo, lakini haina ule wa kuiona skrini. Neno vPro limeandikwa kwenye zote mbili.

Kipimo ninachokiamini kuliko hivyo vyote ni kuizima mashine na kuiwasha upya huku ukigonga vitufe vya kuufungua ukurasa wa mipangilio ya AMT, uitwao MEBx. Kwenye ThinkPad nyingi ni Ctrl pamoja na P mara nembo inapotokea. Kwenye Latitude nyingi bonyeza F12, na ndani ya orodha utaona MEBx. Kwenye mashine za miaka ya karibuni ukurasa huo umehamishiwa ndani ya BIOS. Ukifunguka, AMT ipo na imeruhusiwa. Usipofunguka, ingia kwenye BIOS utafute AMT. ThinkPad huwa na chaguo tatu: imewashwa, imezimwa, na imezimwa moja kwa moja. Iliyozimwa tu unaweza kuiwasha. Iliyozimwa moja kwa moja haitarudi tena kwa kubadilisha chaguo, hata prosesa na kadi vikiwa sawasawa. Dell nao waliuza baadhi ya mashine zikiwa zimefungwa hivyo kutoka kiwandani kwa wateja walioomba. Hakuna ubaya katika mashine kama hiyo, ila usiilipie kama yenye vPro.

Na ule ukurasa wa MEBx unakuuliza neno la siri. Tuketi hapo kidogo.

Neno la siri linalotoka kiwandani ni admin. Ukiliandika na mashine ikakubali, itakutaka papo hapo uweke jipya, lenye herufi nane au zaidi, kubwa na ndogo, tarakimu na alama. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyeacha neno lake kwenye ukurasa ule. Jibu hilo ni zuri, ingawa si la mwisho, kwa sababu mashine inaweza kuandikishwa kwa programu kutoka ndani ya Windows bila mtu kuufungua ukurasa wenyewe. Mashine ikilikataa neno admin, basi yuko mtu aliyeweka lake. Pengine ni fundi wa benki fulani kule Ulaya, pengine ni mtu wa kati. Hujui ni nani, na mlinzi wa kompyuta yako anamwitikia yeye.

Mwezi Januari 2018 Harry Sintonen wa kampuni ya F-Secure ya Finland alieleza jinsi jambo hili lilivyo jepesi. Mtu anayeweza kuishika kompyuta yako kwa muda usiofika dakika moja, ikiwa neno la siri bado ni admin, anaweza kuingia kwenye ukurasa ule, kuweka lake, kuruhusu usimamizi wa mbali, na kukuachia mashine mezani. Neno la siri la BIOS uliloliweka halimzuii, wala lile la Windows. Kwa hiyo hata mashine isiyo na mwenyewe wa zamani inataka neno lako wewe, tena siku ile ile uliyoinunua.

Mwaka uliotangulia palikuwa na tatizo kubwa zaidi. Maksim Malyutin wa kampuni ya Embedi aligundua, na Intel wakatangaza tarehe 1 Mei 2017, kwamba AMT inaweza kuingiwa bila neno la siri kabisa. Mgeni anapobisha hodi hutakiwa kuleta mfuatano wa herufi unaothibitisha kwamba neno la siri analijua. Programu ilikuwa inazilinganisha herufi alizoleta na zile sahihi, lakini kwa idadi ya zile alizoleta yeye. Asipoleta hata moja, inalinganisha sifuri na sifuri, inaona zimelingana, inamfungulia. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo la 6 hadi 11.6, yaani miaka kama saba ya mashine. Na matoleo hayo ndiyo yaliyomo kwenye T450, T460, EliteBook 840 G3 na wenzao, ambazo bado zinauzwa kwetu kila siku. Toleo linasomeka ndani ya BIOS. Kwa mashine za wakati huo, tazama kundi la mwisho la tarakimu nne: likianza na 3, Intel waliziba. Likianza na tarakimu ndogo kuliko hiyo, pakua marekebisho kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujaichomeka kwenye mtandao wa ofisi.

Tuseme sasa mashine ni safi na AMT umeiandaa mwenyewe. Kuna njia ya kuiona kwa macho ambayo huwapendeza mafundi. Chukua kompyuta ya pili iliyo kwenye mtandao huo huo. Fungua kivinjari, andika anwani ya ile ya kwanza, weka nukta mbili, halafu 16992, au 16993 kwa mashine mpya zaidi. Unafunguka ukurasa wa kuingilia. Ndani yake utakuta jina la mtengenezaji, prosesa, kumbukumbu, diski, na kumbukumbu za matukio. Sasa izime ile kompyuta ya kwanza, uiache kwenye umeme na kwenye waya wa mtandao. Usasishe ukurasa. Kama mpango wa umeme umeuruhusu ndani ya MEBx, ukurasa bado unajibu, na unakwambia kompyuta imezimwa. Upande wa kushoto kuna sehemu ya udhibiti wa mbali, na humo ndimo unamoiwasha.

Umeme na waya. Maneno hayo mawili nayarudia kwa sababu ndiyo yanayoamua kama jambo hili litafaa tawi la Ludewa. Kompyuta mpakato iliyozimwa, isiyo kwenye umeme, haitaitika. Na mtandao ni lazima upite kwenye kadi ile ya Intel, ya waya, au Wi-Fi ya Intel iliyokwishaelekezwa. Ofisi nyingi zetu zinatumia modemu ya USB. Modemu hiyo inaendeshwa na Windows. Management Engine haioni kitu. Windows ikifa, tawi limepotea tena na fundi anapanda basi. Simu iliyofunguliwa mtandao kwa Wi-Fi nayo haitegemeki, kwani inaondoka na mwenye simu. Ruta ndogo ya laini ya simu yenye tundu la waya ndiyo inayomaliza tatizo, na waya wenyewe ni wa bei ndogo. Kwa kuwa ruta hizo haziruhusu mtu wa nje kuingia moja kwa moja, mashine huandaliwa iite yenyewe kwenda kwenye seva ya ofisi. MeshCentral, programu ya bure na ya wazi iliyoanzishwa na Ylian Saint-Hilaire, inaifanya kazi hiyo vizuri, na fundi mwenye subira anaweza kuisimika kwenye kompyuta moja ya kawaida. Usitarajie kuweka Windows nzima upya kwa njia ya laini ya simu. Kuona skrini, kubadilisha mpangilio wa BIOS, kuwasha na kuzima, hayo yanawezekana.

Wewe unayenunua mashine moja ya nyumbani hayakuhusu haya yote ila sehemu moja. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya vPro. Ingia kwenye BIOS uizime AMT, basi. Ofisi yenye kompyuta kuanzia kumi na fundi mmoja anayezunguka, hiyo ina sababu ya kuongeza, tena ya kusisitiza kwamba mashine zote ziwe na i5-8350U na si mchanganyiko.

Ninyi mnaonunua kwa jumla, zungumzeni na muuzaji kabla ya fedha kutoka. Mwambie mashine itakayokataa neno admin, au itakayodai barua pepe ya kampuni mara Windows inapowekwa upya, utairudisha kwake. Hii ya pili si AMT, ni Windows iliyoandikishwa kwa mwajiri wa zamani, lakini inakuweka pale pale: kitu umekinunua na mwenyewe ni mwingine. Waungwana wengi madukani wanakubali sharti hilo likisemwa mapema. Likisemwa baada ya wiki, inakuwa ugomvi. Nenda na fundi wako, na waya wa mtandao, na muda wa kutosha wa kuwasha kila mashine, siyo mbili tatu za juu ya boksi.

Na ofisi zetu nazo zinauza. Taasisi zinapofanya mnada wa vifaa chakavu, kompyuta mpakato hutoka zikiwa zimefutwa diski, na watu wanadhani wamemaliza. Kufuta diski hakugusi AMT. Kama ofisi yako iliiandaa, ingia kwenye MEBx uondoe uandikishaji wote, urudishe neno la kiwandani, na uifute mashine kwenye orodha ya seva yako. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mashine, na wakati wake ni kabla haijatoka kwenye meza ya fundi, angali yupo mtu anayelikumbuka neno la siri.